Maneno ya Bibi wa Kisimani

Bakari alizikwa mwezi uliopita, baada ya swala ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake Magomeni, tumejazana chumba cha mbele, wengine wanamenya vitunguu, wengine wanamfariji mkewe, na wanaume waliporudi kutoka makaburini walikaa chini ya turubai, karibu kabisa na dirisha letu. Mwanzo walizungumza ya msibani: kwamba alikuwa mtu wa watu, kwamba ugonjwa wa sukari haumwonei mtu huruma, kwamba watoto bado wanasoma. Halafu fundi Chande, ambaye siku hizi ana kipara na kifua kinamsumbua, akasema linalomuuma yeye ni kwamba marehemu ameondoka bila kutuambia kama Orvani yu hai au alifia kwenye ukungu. Mtu mwingine akamjibu kwamba hilo halina mjadala, yu hai, bibi wa kisimani alishasema. Wa tatu akasema yule bibi alikuwa mchawi, na mchawi haaminiki. Wakashikana hapo, watu wazima wenye wajukuu, mpaka shehe akawaomba wapunguze sauti.

Niseme mapema kwa asiyejua. Orvani hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale msibani. Alikuwa mwanamfalme katika sizoni moja, filamu ya mfululizo ya kigeni ya mapanga, majoka na falme za baridi, ambayo sisi Kariakoo tuliiita Ngome ya Chumvi, na Bakari ndiye aliyeitafsiri kwa Kiswahili, akijiita DJ Tarumbeta. Sizoni ile haikuisha. Walioitengeneza waliiacha njiani, mafumbo yake yakabaki wazi, na watu waliokuwa vijana wakati ule wamezeeka nayo. Zuhura, wifi yangu, alikuwa amekaa kando yangu na kisu na kitunguu. Alisikia yote. Hakuinua uso. Aliniambia tu kwa sauti ndogo, "Waache, wifi," nami nikawaacha, ingawa mimi na yeye tunajua habari ya bibi wa kisimani tangu mwaka uleule sizoni ilipoachwa, na mtu wa tatu aliyekuwa amebaki akiijua ndiye aliyekuwa ametoka kuzikwa.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Sitaeleza nilitoka wapi wala nilifikaje mjini, maana hadithi hizo za watu wa Kariakoo zinafanana. Nilikuwa nakaa na Zuhura katika chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili, na choo kimoja uani. Chumba kilikuwa chake na kaka yangu Hamisi, kabla Hamisi hajazamia. Kuzamia, kwa lugha ya vijana wa bandarini, ni kujificha ndani ya meli ya mizigo mpaka ikufikishe nchi ya watu. Aliondoka akiwa amemwambia mkewe anaenda Tanga mara moja kufuata mzigo. Alipiga simu siku moja tu, kutoka bandari ambayo mwenyewe hakuijua jina, akasema meli inayofuata inaenda Durban na kwamba akifika atatuma kitu. Hakupiga tena. Nilipohamia kwa Zuhura ili tusaidiane kodi, miezi mingi ilishapita, na majirani walishaacha kuuliza.

Watu hudhani kungoja kunauma. Mimi hakukuniuma. Nilikuwa na ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa, ila hii ilikuwa ya mwili mzima na wala haikutekenya. Nilikula nikashiba bila kujua nimekula nini. Najua tulichokula kwa sababu kilikuwa kilekile: asubuhi chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha kutoka kwa mama wa kona, jioni ugali na dagaa, au wali na maharage ya nazi siku ambazo duka limeuza. Zuhura alipika chakula cha watu watatu. Hakuna aliyemwambia kitu. Sehemu ya Hamisi ililala sufuriani na tukaila kiporo kesho yake. Kuta za nyumba ile hazikufika darini, kwa hiyo mazungumzo ya kila chumba yalikuwa ya wote, na siku moja nilimsikia mama wa chumba cha mwisho akimwambia mgeni wake kwamba yule mwanamke si mke wala si mjane, yupo yupo tu. Zuhura alikuwa humo chumbani na mimi. Aliendelea kukunja kanga. Nami niliendelea kusuka nywele zangu, na leo nikikumbuka najishangaa kwamba sikukasirika.

Kazi yangu ilikuwa dukani kwa Mangi, jirani na Msimbazi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini kwa kuwa alitoka Kilimanjaro na alikuwa na duka, aliitwa Mangi kama wenzake wote. Aliuza filamu. Chini tulipanga CD zilizotafsiriwa, na kazi yangu ilikuwa kuzichoma kwenye kompyuta, kukata kava na kuwajaribishia wateja kwenye deki. Juu kulikuwa na chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani ili sauti za wapiga debe na mikokoteni zisiingie, na humo ndimo Bakari alimofanya kazi. Akirekodi, feni ilizimwa kwa sababu maiki iliinasa, kwa hiyo alirekodi kifua wazi, taulo shingoni, jagi la maji ya ndimu miguuni. Alikuwa na utaratibu wake. Aliitazama filamu mara ya kwanza bila kusema neno, akashuka kula chapati na supu, halafu akapanda kuiwasha upya na kuanza kusema, na watu wote walikuwa yeye: mfalme yeye, malkia yeye, farasi akilia ni yeye. Kiingereza alikuwa nacho cha kumsogeza. Pale kilipompungukia aliweka cha kwake. Mfalme wa Ngome ya Chumvi aligombana na mawaziri wake kama dalali wa sokoni, na joka lilipotokea angani, Bakari aliwasalimia kwanza wateja wa Tandika na Mbagala ndipo likaruhusiwa kutema moto. Watu walimpenda kwa hilo. Ya Kiingereza hakuna aliyeitaka. Diski zenyewe, Bakari akishamaliza nazo, tulizitupia kwenye ndoo tupu ya rangi chini ya meza.

Kila sehemu mpya ya Ngome ya Chumvi ilipotoka, wateja walikusanyika barazani kwetu kuijadili, na Jumamosi jioni walikuwa wengi mpaka wateja wa kawaida wakakosa pa kupita. Waliokuwa mstari wa mbele ni fundi Chande, ambaye cherehani yake ilikuwa palepale barazani, na dada Anitha, muuza viatu vya mtumba. Fumbo kubwa lilikuwa la mwisho wa sehemu ya nne. Orvani anaingia kwenye ukungu wa kaskazini kutafuta pembe ya mababu zake. Anayerudi ni farasi peke yake. Mkewe, Selini, anapanda juu ya ukuta wa ngome na kusimama kungoja. Halafu tunapelekwa mbali, kijijini, kuna bibi anateka maji kisimani, na ndoo inapanda na pete ya Orvani. Bibi anaishika, anaitazama sana, na kwa sauti ya Bakari iliyokwaruzwa kidogo anasema, "Mwenye pete hii yu hai, ila njia ya kurudi haijui." Anaitupa pete majini. Basi, imeishia hapo, ngoja sehemu ya tano.

Chande alishikilia kwamba farasi ndiye Orvani mwenyewe, amegeuzwa, na ushahidi wake ulikuwa kwamba farasi alirudi akichechemea mguu ambao Orvani aliumizwa katika sehemu ya pili. Aliusema huku anashona, pini mdomoni, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Anitha yeye alisema hakuna uchawi wowote, wanaume wanaopotelea kwenye ukungu huwa wana nyumba ndogo upande wa pili. Baraza zima likacheka. Siku hiyo Zuhura alikuwa amesimama nyuma yao na hotipoti ya chakula changu cha mchana. Wote walijua habari za Hamisi. Vicheko vikafa kimoja kimoja, na Anitha akaanza kupanga viatu vilivyokwisha kupangwa. Zuhura aliweka hotipoti mezani, akawageukia, akasema, "Hapana. Orvani ni yule mlinzi wa geti la mji wa Karuni, yule mwenye barakoa ya chuma. Mmemtazama anavyokula?"

Hawakuwa wamemtazama. Wakanifanya niwashe deki. Mlinzi wa Karuni alikula kwa mkono wa kushoto, na Orvani, akasema Zuhura, alikatwa kidole gumba cha kulia katika sehemu ya kwanza, mnakumbuka? Walikumbuka. Kengele ya Ngome ikilia kwa mbali, walinzi wengine hawageuki, yeye anageuka. Na kama ni yeye kwa nini harudi kwake? Kwa sababu bibi wa kisimani kasema: njia ya kurudi haijui. Ukungu umemfuta kichwa. Anangoja mtu wa kumwonyesha. Chande alitoa pini mdomoni. Kuanzia siku ile wifi yangu aliitwa Profesa, akatengewa kigoda, na watu wakatoka Gerezani na Ilala kuja kumsikiliza. Mwanamke aliyekuwa hamalizi sentensi mbili nyumbani alisimama pale akapinga watu wazima kwa hoja, kidole juu. Jioni, wakati wa chakula, alinieleza mimi upya yale yale. Nilimsikiliza. Niliona kwamba uso wake umerudi, na nilijua kwamba hazungumzii sizoni.

Shangazi yetu Bi Mwajuma alifika kutoka Lindi muda mfupi baadaye, na mkoba mmoja na mfuko wa korosho. Hakuja kutembea. Kijana mmoja mzamiaji alikuwa amerudishwa kutoka Afrika Kusini, akafika Lindi, akasema aliambiwa na wenzake kwamba ile meli aliyopanda Hamisi, mabaharia waliwakuta waliojificha na wakawatupa baharini. Yeye mwenyewe hakuona. Alisikia. Shangazi alituambia hayo tukiwa tumekaa mkekani tunakula mchicha, alituambia bila kupunguza wala kuongeza, kisha akanawa mikono na kusema kwamba anataka hitima isomwe kabla ya Ramadhani, na Zuhura akae eda, aitoke, aanze kuishi. "Wewe bado binti, mwanangu. Huyu aliyekuoa ni damu yangu, na mimi ndiye ninayekwambia." Shehe wa mtaani alikuwa ameshaulizwa. Alisema habari ya mtu aliyesikia kwa mtu si ushahidi wa kumlazimisha mke, lakini mke mwenyewe akiridhika nayo, akae eda, na ajuaye ni Mungu. Kwa hiyo jambo lote likawa mikononi mwa Zuhura: aseme Hamisi amekufa, au aseme anangoja.

Zuhura aliomba sehemu ya tano itoke kwanza. Alilisema wazi hivyo hivyo, bila aibu. Nilidhani shangazi atamrukia, lakini yule mama alikuwa na subira ya kutisha. Alisema basi na yeye aonyeshwe hicho kinachongojewa. Tulimwekea mchana mmoja dukani, akakalia kigoda cha Profesa, akaitazama sehemu ya nne yote bila kupepesa, akamsifia Selini kwa adabu zake. Mwisho tulimuuliza anaonaje. "Keshakufa huyo," alisema. "Farasi hamwachi bwana wake akiwa hai." Chande, aliyekuwa akiogopa wanawake wa Lindi, hakuthubutu kumwambia kwamba farasi ndiye bwana. Zuhura alitabasamu, akamjibu kwa upole kwamba shangazi hakumsikiliza vizuri bibi wa kisimani.

Halafu Mangi akarudi kutoka kwa waliokuwa wakimletea diski na kutuambia kwamba sehemu ya tano haiji. Wenye filamu wamegombana huko kwao, wameacha. Alisema huku akihesabu maboksi, kwake ilikuwa bidhaa imekatika. Barazani watu walilalamika kwa siku kadhaa, kisha nadharia zikaongezeka mara tatu, maana sasa hakukuwa na wa kuzikanusha. Zuhura hakulalamika. Alisema kama majibu hayaji, basi yamo ndani ya yaliyokwisha kuja, na ya Bakari yametafsiriwa, huenda kuna neno la bibi limepunguzwa. Alitaka kuiona ile yenyewe ya Kiingereza ili ampelekee shangazi hoja iliyokamilika. Jumapili Mangi alipokwenda kanisani, tulifunga mlango wa duka nusu, nikainamia ndoo ya rangi na kuchimbua diski.

Nakumbuka mambo madogo ya asubuhi ile. Nje kulikuwa na harufu ya mandazi. Zuhura alikuwa amevaa hereni. Tulipeleka mbele moja kwa moja hadi kisimani, na jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba kulikuwa na upepo, sauti ya upepo, ambayo hatukuwahi kuisikia kwa sababu Bakari alikuwa juu yake. Kamba ikalia kwenye gogo. Ndoo ikapanda. Bibi akaishika pete, akaitazama sana. Maji yakadondoka kutoka kwenye vidole vyake. Akaitupa. Hakufungua mdomo. Tulirudisha, tukatazama tena, midomo ya bibi yule ilikuwa imefumbwa muda wote, na katika ile ya Bakari pia, nilipoiweka, ilikuwa imefumbwa; ni sisi tuliokuwa hatutazami mdomo kwa sababu tulikuwa tunasikiliza. Zuhura alisema labda nakala hii imekatwa. Tukaenda mahali pengine. Katika ile ya Bakari kulikuwa na askari anayemnong'oneza waziri, "Nilikuona Ijumaa," na hiyo Ijumaa ilikuwa imejadiliwa barazani kwa majuma mengi, ni Ijumaa ipi, alimwona na nani. Kwenye diski ile askari alikohoa tu akapita.

Bakari tulimkuta siku ya pili yake, amekaa ngazini anakula wali na samaki. Alikuwa rafiki wa Hamisi tangu utoto, kwa hiyo alimwita Zuhura shemeji na kumkaribisha chakula. Zuhura alibaki amesimama. Akamuuliza bibi wa kisimani anasema nini. Bakari akalitoa lile neno kwa sauti ileile ya kukwaruza, akicheka. Zuhura akamuuliza kwa Kiingereza anasema nini. Bakari akaacha kula.

"Hasemi kitu, shemeji," alisema. "Pale pana kimya kirefu. Mteja akikutana na kimya anajua CD mbovu, anairudisha, Mangi ananikata. Nisiache pengo, ndiyo kazi yenyewe. Nikaweka neno."

"Neno hilo ulilitoa wapi?"

"Lilikuja tu."

"Ulilisema kwa ajili yangu?"

Nimemfikiria sana Bakari kwa jibu lake. Kazi yake yote ilikuwa kuweka maneno mahali pasipo na maneno, na pale lilikuwepo pengo la wazi kabisa, linamngoja aseme ndiyo, nilikuonea huruma, nilikuwa nakutia moyo. Angesema hivyo tungempenda. "Hapana, shemeji," alisema. "Hata sikukukumbuka. Nilikuwa na njaa, nataka kumaliza nishuke." Kisha akanawa mkono ingawa chakula hakijaisha.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nilikuwa simjui Zuhura. Jioni ile alimwaga mchele kwenye sinia, akaupepeta kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, halafu akasema kwamba kama neno lilikuja tu, bila Bakari kulifikiria, basi limeletwa. Mwenye njaa hana muda wa kutunga. Shangazi, aliyekuwa kitandani akipaka miguu mafuta ya nazi, aliniangalia nami nikatazama pembeni. Zuhura akaendelea. Alisema atamwomba Bakari aisimulie upya sehemu ile mbele yake, moja kwa moja, bila kujipanga. Neno likija tena lenyewe, atangoja, hata miaka kumi, na asiulizwe. Lisipokuja, shangazi amwite shehe. Shangazi alifunika kichupa cha mafuta. Kisha akamuuliza kama huyo Bakari ataambiwa neno lake litaamua nini. Zuhura alisema ataambiwa, yeye si mtu wa kumtega mtu. Shangazi akasema haya. Mpaka leo sijui kama alikubali kwa hekima au kwa kuchoka.

Tulipanda juu siku ambayo Mangi alikwenda kuchukua mzigo. Zuhura alimweleza Bakari kila kitu, kwa utaratibu, kama anavyoeleza nadharia. Bakari alivua shati, akafunga taulo, akazima feni. Sisi tulikaa chini tukaegemea magodoro. Na akafanya kazi yake yote: Orvani aliaga, alipanda farasi, mfalme alifoka, wateja wa Tandika walisalimiwa. Jasho lilimtiririka mgongoni mpaka suruali ikabadilika rangi. Selini alipopanda ukutani, Bakari alimfanyia sauti ya chini sana, sauti ambayo CD ya zamani haikuwa nayo. Halafu kisima. Kamba ikalia kwenye gogo. Pete ikatoka. Bakari alivuta pumzi, mdomo ukawa wazi mbele ya maiki, na nikataka aseme. Nilitaka kwa nguvu zangu zote, hata kama ni uongo, aseme tu. Lilikuwa jambo la kwanza nililolitaka mwaka ule, na nilishangaa kulikuta.

Hakusema. Bibi akaitazama pete, akaitazama, na sisi watatu tukasikia upepo wa nchi ile ya baridi na, kwa mbali, nyuma ya magodoro, mpiga debe akiita abiria wa Mbagala. Bibi akaitupa pete majini. Kioo kikawa cheusi. Bakari alikuwa ameziba uso kwa taulo. Nilimgeukia Zuhura nikitegemea nadharia nyingine, kwamba labda joto limelizuia neno, labda tuje kesho. Alijifunga kanga vizuri. Kisha akainuka, akamwashia Bakari feni, akasema, "Ahsante, shemeji," tukashuka.

Kaka yangu hakurudi, wala hakuna aliyetuletea habari yake zaidi ya ile ya kijana wa Lindi. Zuhura alikuja kuolewa Mbagala na mtu mpole, ana watoto wanne, na ana uso uleule aliokuwa nao barazani. Nadharia ya mlinzi wa geti aliwaachia wenyewe. Sijawahi kumsikia akiikanusha, na nadhani nimeelewa kwa nini siku ya msiba wa Bakari alitaka waachwe: pale nje ya dirisha hakukuwa na aliyekuwa akimngoja mtu, kwa hiyo neno la bibi halikumfunga yeyote.

Hitima ilisomwa uani, Mtaa wa Sikukuu, siku chache kabla ya Ramadhani. Mangi alileta gunia la mchele na kukaa kwenye benchi na soksi zake, maana alikuwa ameambiwa avue viatu, asijue ni wapi pa kuvivaa tena. Chande na Anitha walikuja, na nusu ya baraza, na majina ya marehemu yaliposomwa, Bakari aliitikia amina pamoja na wenzake. Jina la Hamisi lilipotajwa kati ya maiti wa ukoo sikuhisi kitu. Nilikuwa nimepewa sufuria kubwa la pilau, moshi unanitoa machozi yasiyo na maana yoyote. Zuhura alikuwa ndani, amejitanda nguo nyeupe, wanawake wamemzunguka. Mlango ulikuwa wazi. Akaniona nainama na mfuko wa pilipili manga, akaniita kwa sauti yake ya kawaida, ile ya jikoni.

"Wifi, usizidishe pilipili. Marehemu alikuwa haipendi."

Hapo ndipo kaka yangu alipokufa. Uchungu ulinipata wote kwa pamoja, wa mwaka mzima, nimeshika mwiko, na watu walikuwa na njaa, kwa hiyo niliendelea kugeuza.